Toleo Jipya Limetoka: Namna ya Kuhama Bila Kuvuruga Miradi Inayoendelea

Mwaka 2021, lilipotoka toleo la saba la PMBOK, kitabu cha mwongozo wa usimamizi wa miradi, nilifanya jambo ambalo wenzangu ofisini wananitania nalo hadi leo. Nilisoma sura za mwanzo, nikaona ile michakato 49 ya toleo la sita haimo tena, nikaingia kwenye kompyuta ya ofisi nikafuta karibu violezo vyote tulivyovitengeneza kwa miaka minne. Nilijiona nafanya usafi. Wiki chache baadaye mteja akaomba daftari la vihatarishi kwa mpangilio uleule uliomo kwenye mkataba wake, mkataba uliosainiwa kabla sijashika ufagio. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye flashi ya dada mmoja aliyekuwa ameshahamia ofisi nyingine. Nilimfuata Sinza jioni, foleni ya Shekilango imesimama, maandazi ya kumshukuru yakipoa mkononi.

Mwaka 2025 likatoka toleo la nane. Michakato ikarudi, safari hii 40. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliufuta kabisa, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta haukuwepo.

Mwongozo huu ni kwa wanaohangaika na mambo haya hapa Dar es Salaam: mpangaji ratiba wa kampuni ya ujenzi, afisa miradi wa asasi, mshauri elekezi, au anayesomea mtihani wa PMP, cheti cha meneja wa miradi kinachotolewa na PMI, usiku watoto wakishalala. Nitazungumzia zaidi PMBOK ya taasisi ya PMI ya Marekani, PRINCE2, mbinu ya kusimamia miradi ya Uingereza, viwango vya ISO vya usimamizi wa miradi, na masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Najua FIDIC si kiwango cha usimamizi wa miradi, ni mkataba. Lakini kwa mtu wa ujenzi, hapo ndipo toleo linapogusa fedha, kwa hiyo siwezi kuiruka.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua kilichoko mezani ni toleo gani

Hatua hii inadharauliwa sana. Vitini tunavyosomea vimepigwa kopi steshenari mara tano, jalada halipo, ukurasa wa mwaka haupo, na aliyekupa anakwambia tu "hii ndiyo mpya." Nimewahi kupewa kitini cha PMBOK cha namna hiyo kikiwa na maeneo tisa ya maarifa, yaani mada kuu ambazo kitabu kinazigawia kazi. Eneo la kumi, la wadau, liliongezwa mwaka 2013. Kwa hiyo kitini "kipya" kilikuwa cha kabla ya hapo.

Kama jalada limepotea, hesabu. Kwenye PMBOK idadi ya michakato ni kama alama ya kidole: toleo la 1996 lina 37, la 2000 lina 39, la 2004 lina 44, la nne lina 42, la 2013 lina 47, na la 2017 lina 49. Ukikuta kanuni 12 na maeneo manane ya utendaji, hilo ni la saba, la 2021. Ukikuta kanuni sita, maeneo saba na michakato 40, hilo ni la nane. Angalia pia kwamba hesabu haikupanda moja kwa moja: kutoka la tatu kwenda la nne ilishuka. Anayekwambia kila toleo linaongeza tu mzigo hajahesabu.

FIDIC nayo ina alama yake. Masharti ya jumla ya 1999 yana vifungu 20, ya 2017 yana 21. Kilichozaa kifungu cha ziada ni kutenganishwa kwa madai na migogoro, ambavyo vilikuwa vinalala kitanda kimoja kwenye kifungu cha 20. Halafu kuna mtego mdogo: matoleo ya 2017 yalichapwa tena mwaka 2022 yakiwa na marekebisho. Kwa hiyo "FIDIC 2017" mbili zinaweza kukaa kwenye meza moja na zisifanane neno kwa neno. Andika mwaka wa chapa pia.

Kwenye ISO, namba peke yake haikwambii kitu. Mwaka ulio baada ya nukta mbili ndio unaosema. Mfano mbaya kuliko yote ni ISO 21500. Ile ya 2012 ilikuwa mwongozo wenyewe wa kusimamia mradi. Mwongozo huo ulirithiwa na ISO 21502 ya mwaka 2020. Halafu mwaka 2021 namba 21500 ikatumika tena, safari hii kwa waraka unaoeleza muktadha na dhana tu. Hadidu za rejea zinazosema "mradi utasimamiwa kwa mujibu wa ISO 21500" bila mwaka zinaweza kuwa zinakuelekeza kwenye waraka ambao haukuambii namna ya kusimamia chochote. Ukikutana na sentensi hiyo kwenye zabuni, uliza kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali. Ukitaka kuona nakala halali ya ISO kabla ya kununua, anzia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo; wao ndio wanachama wa ISO kwa upande wa Tanzania.

Hatua ya 2: Jiulize nani anakufunga na toleo hilo

Kiwango hakina polisi. Kinakufunga pale tu mtu fulani alipokiandika mahali ukasaini. Kwa hiyo kabla ya kusoma ukurasa mmoja wa toleo jipya, chukua orodha ya miradi yenu inayoendelea, na mbele ya kila mmoja andika: mkataba unataja kiwango gani, cha mwaka gani, na sentensi yenyewe inasemaje.

Utakuta makundi. Mkataba uliotaja mwaka unabaki na mwaka wake. Haijalishi toleo jipya ni zuri kiasi gani. Kama mlisaini FIDIC 1999, mtamaliza na 1999, labda pande zote mbili zikubaliane kwa nyongeza ya mkataba. Kwa viwango vya ISO kanuni hii imeandikwa wazi: kiwango kikitajwa na mwaka, ni toleo hilo tu, kikitajwa bila mwaka, ni la karibuni pamoja na marekebisho yake. Kundi jingine ni mikataba inayosema "mbinu bora zinazokubalika kimataifa" na kuishia hapo. Hiyo imekuachia uwanja, na ni vizuri uandike kwenye mpango wa mradi umechagua toleo gani, ili mtu asije kukuchagulia baada ya mambo kuharibika.

Miradi ya serikali ina jambo moja zaidi. Ununuzi wa umma unaendeshwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali. PMBOK ikisema hivi na sheria ikasema vile, hakuna mjadala. Nimeona mtu ameandika kwenye ripoti kwamba hatua fulani ya ununuzi "si lazima kwa mujibu wa toleo la saba." Mkaguzi alicheka, kisha akaandika hoja.

Na mfadhili naye ana lake. Benki ya Dunia, kwa mfano, ilikubaliana na FIDIC mwaka 2019 kutumia mikataba yao ya 2017 kwenye nyaraka zake za zabuni. Mtu aliyezoea miradi ya fedha za ndani kwa masharti mengine, akiingia kwenye mradi wa Benki, anabadilisha mkataba mzima hata kama zege ni lilelile.

Tuone kwa karibu: mvua moja, matoleo mawili

Tuseme tarehe 12 Aprili, katikati ya masika, maji yanajaa kwenye shimo la msingi na kazi inasimama, kwa sababu ambayo mkataba unampa mkandarasi haki ya kuomba muda. Mkandarasi ameliona siku hiyohiyo.

Chini ya FIDIC 1999, ana siku 28 za kutoa taarifa ya madai, yaani hadi tarehe 10 Mei. Madai yenye maelezo kamili yanatakiwa ndani ya siku 42 tangu alipojua, yaani hadi 24 Mei.

Chini ya FIDIC 2017, taarifa bado ni siku 28, tarehe 10 Mei. Madai kamili yana siku 84, hadi tarehe 5 Julai. Hapo wengi wanashangilia kwamba muda umeongezwa mara mbili, wanafunga kitabu. Waendelee kusoma. Kwenye toleo hili, usipowasilisha msingi wa kimkataba au wa kisheria wa madai yako ndani ya zile siku 84, taarifa uliyoitoa mapema inahesabika imekufa. Pia barua yenyewe lazima ijitambulishe kwamba ni taarifa. Ile barua yetu ya kistaarabu, "tunapenda kukujulisha kuwa kutokana na mvua zinazoendelea kunyesha kazi imekuwa ngumu," ambayo zamani ungeweza kuitetea, sasa ni salamu tu.

Na kuna upande wa pili ambao wakandarasi hawausomi. Chini ya 2017, ikiwa mhandisi anaona taarifa imechelewa, ana siku 14 za kusema hivyo. Akinyamaza, inahesabika ni halali mpaka atakayeipinga aeleze sababu. Vilevile mwajiri, yaani mwenye mradi, naye sasa anabanwa na siku 28 kwa madai yake mwenyewe, jambo ambalo 1999 haikumbana nalo kwa ukali huo. Mtu wa upande wa mwajiri aliyebaki na mazoea ya zamani anaweza kupoteza haki huku anaamini muda ni wa mkandarasi peke yake.

Kwa mpangaji ratiba kuna zawadi na adhabu humohumo. Kifungu cha 8.3 cha 2017 kinadai ratiba inayoonyesha mahusiano ya kazi, nafasi ya ziada ya muda, na mnyororo wa kazi ambao ukichelewa mradi wote unachelewa. Mchoro wa mistari uliopakwa rangi kwenye jedwali la kompyuta hautoshi tena.

Hatua ya 3: Anza kusoma toleo jipya kutoka nyuma

Usianze ukurasa wa kwanza. Toleo la sita la PMBOK lina kurasa zaidi ya 750. Ukianza mwanzo, utalala kwenye sura ya mazingira ya mradi na hutaamka.

Waandishi wa viwango huwa wanaeleza walichobadilisha. Wakati mwingine ni kwenye dibaji, wakati mwingine kwenye kiambatisho cha mwisho. Toleo la sita lilikiweka kwenye kiambatisho cha kwanza kabisa, na kurasa zake chache zinakupa robo tatu ya unachohitaji. Soma hicho. Kisha nenda kwenye faharasa ya istilahi ukiwa na faharasa ya toleo la zamani pembeni, na uweke alama kwenye maneno yaliyokuja, yaliyoondoka, na yaliyobaki lakini maana imebadilika. Aina ya mwisho ndiyo ya hatari. Neno jipya linakushtua, unalitafuta. Neno la zamani lenye maana mpya unalipita ukidhani mnafahamiana.

Baada ya hapo tazama yaliyomo, sura kwa sura, ukilinganisha vichwa. Ndipo uingie ndani, na uingie tu kwenye sura zinazohusu kazi mnayofanya. Mtu wa mifumo ya kompyuta anayetumia mwongozo wa Scrum, mbinu ya kufanya kazi kwa awamu fupifupi, ana bahati: toleo la 2020 lina kurasa 13 tu, anaweza kulimaliza ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta, akipata kiti.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la kuhamia

Hili ndilo zao la kazi yote, na ndilo jambo ningekushauri ulifanye hata kama mengine utayaacha. Safu nne: lilivyokuwa, lilivyo sasa, aina ya badiliko, na fomu yetu inayoguswa. Aina za badiliko ni chache: jina limebadilika, kitu kimehama, kimeongezwa, kimeondolewa, kimeunganishwa, au wigo wake umepanuka.

Hii ni sehemu ya jedwali tulilotengeneza mwaka 2017 kutoka toleo la tano kwenda la sita:

| Toleo la 5 | Toleo la 6 | Badiliko | Fomu yetu |
|---|---|---|---|
| Usimamizi wa muda | Usimamizi wa ratiba | Jina | Hakuna |
| Usimamizi wa rasilimali watu | Usimamizi wa rasilimali | Wigo: vifaa na mitambo vimeingia | Mpango wa rasilimali |
| Kukadiria rasilimali za shughuli (kwenye muda) | Uleule (kwenye rasilimali) | Umehama | Hakuna |
| Kuhakikisha ubora | Kusimamia ubora | Jina na wigo | Orodha ya ukaguzi |
| Kufunga manunuzi | Haupo | Kazi zake zimegawanywa kwenye kudhibiti manunuzi na kufunga mradi | Cheti cha kufunga mkataba mdogo |
| Haukuwepo | Kusimamia maarifa ya mradi | Umeongezwa | Daftari la mafunzo |
| Haukuwepo | Kutekeleza hatua za kukabili vihatarishi | Umeongezwa | Daftari la vihatarishi |
| Haukuwepo | Kudhibiti rasilimali | Umeongezwa | Ripoti ya wiki |

Kuna njia ya kujikagua. Michakato ilikuwa 47, imeongezwa mitatu, umeondolewa mmoja: 49. Kama jumla yako haifiki idadi ya toleo jipya, kuna mstari umeukosa. Fanya hesabu hiyo kabla hujamwonyesha bosi.

Sasa tazama safu ya mwisho. Kuna mistari miwili ambayo fomu inayoguswa ni "hakuna." Hiyo ndiyo sababu ya safu hiyo kuwepo, kwa maana inamaliza ubishi. Watu wanaweza kubishana mkutano mzima kama "muda" na "ratiba" ni kitu kimoja, na kikao kikaisha chai imekwisha. Jedwali linasema: hakuna karatasi inayobadilika, twende mstari unaofuata. Kinyume chake, mstari wa kutekeleza hatua za vihatarishi unaonekana mdogo, lakini kwetu ulitulazimisha kuongeza safu mbili kwenye daftari: nani amefanya, na tarehe aliyofanya. Kabla ya hapo daftari letu lilikuwa limejaa mipango mizuri ya kukabili mafuriko, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama pampu zilinunuliwa.

Hatua ya 5: Toleo likibadilisha umbo lote, linganisha maswali

Jedwali la mstari kwa mstari linafanya kazi pale nyumba ni ileile, vyumba tu ndivyo vimebadilishwa majina. Toleo la saba lilibomoa nyumba. Makundi matano ya michakato na maeneo kumi ya maarifa yakaondoka, zikaja kanuni 12 na maeneo manane: wadau, timu, mbinu na mzunguko wa mradi, upangaji, kazi ya mradi, ukabidhi, vipimo, na kutokuwa na uhakika. Ukijaribu kuchora mstari kutoka kwenye michakato 49 kwenda huko, utachora utando wa buibui.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitafuta fomu zangu ndani ya kitabu kipya, sikuziona, nikahitimisha kwamba zimekufa. Nilichotakiwa kufanya ni kuuliza kila fomu inajibu swali gani.

Daftari la vihatarishi linajibu swali hili: nini kinaweza kutukwamisha, na nani anakiangalia? Kwenye toleo la sita swali hilo lilikuwa na eneo zima na michakato saba. Kwenye la saba linajibiwa ndani ya eneo la kutokuwa na uhakika. Kwenye la nane vihatarishi vimerudi kuwa eneo lenye jina lake. Kitabu kimezunguka, swali halijasogea hata hatua moja, na karatasi inayolijibu ilikuwa na haki ya kubaki muda wote. Nilikuja kugundua baadaye kwamba hata PMI wenyewe hawakuizika ile michakato. Waliitoa upya kwenye kitabu cha pembeni kwa wanaoihitaji.

Kwa hiyo kwa toleo la nane fanya hivi. Chukua fomu moja moja, andika swali lake kwa sentensi isiyo na istilahi hata moja, halafu tafuta ni eneo lipi kati ya saba (utawala wa mradi, wigo, ratiba, fedha, wadau, rasilimali, vihatarishi) linalojibu. Utagundua ubora, mawasiliano na manunuzi havina tena eneo la peke yake. Kwa ofisi inayoishi kwa zabuni, usiruhusu mtu akwambie manunuzi yamepungua uzito. Ni orodha ya kitabu ndiyo iliyofupishwa. Wasambazaji wa nondo Kariakoo hawajaisoma.

PRINCE2 imekuwa na adabu zaidi. Toleo la 2009 lilikuwa la kutikisa, likaja na kanuni saba na kupunguza sehemu nane za zamani kuwa mada saba. La 2023, ambalo ni la saba, halikubomoa: mada saba zimebaki saba ila zinaitwa matendo, "mabadiliko" sasa yanaitwa "masuala," watu wamewekwa katikati ya mbinu nzima, na uendelevu umeongezwa kwenye vitu ambavyo mradi unapimwa navyo. Kwa PRINCE2 jedwali la hatua ya nne linatosha. Badiliko la uendelevu ni mojawapo ya yatakayokudai karatasi mpya.

Hatua ya 6: Weka tarehe ya kuhama, na usiirudishe nyuma

Chagua siku. Miradi itakayosainiwa baada ya siku hiyo inatumia fomu mpya. Iliyoanza kabla inamaliza na za zamani. Usihamishe mradi katikati ya safari kwa sababu tu umevutiwa na kitabu. Isipokuwa mradi una miaka mingi mbele na mteja mwenyewe amekubali kwa barua, faida ni ndogo, na ripoti za mwezi wa tatu hazitalingana na za mwezi wa tisa.

Kila fomu ibebe chini yake jina la kiwango, toleo, na tarehe fomu ilipobadilishwa mara ya mwisho. Herufi ndogo zinatosha. Za zamani zisifutwe. Nadhani hilo nimelipa gharama ya kutosha kulisema mara moja tu.

Hatua ya 7: Waambie watu kinachowahusu, basi

Semina ya siku mbili hotelini kuhusu toleo jipya ni njia ya kula posho, si njia ya kuhama. Watu wa ofisini wapewe nusu siku na jedwali. Walioko saiti wapewe fomu yao na dakika kumi.

Nilipokwenda Kigamboni kwenye mradi wetu wa kwanza wa FIDIC 2017, msimamizi wa mafundi, mzee aliyejenga kabla sijaanza shule, alikuwa ameshasikia habari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Nasikia kuna kitabu kipya. Sasa hii fomu yangu ya asubuhi inabadilika?"

"Haibadiliki. Ila hapa chini pameongezwa mstari. Ukiona jambo lolote litakalotuchelewesha, andika siku na saa uliyoliona."

"Saa ya nini tena?"

"Siku zinaanza kuhesabiwa hapo, mzee wangu. Zikifika 28 hatujaandika barua, tumekosa."

Aliitazama fomu kidogo. "Hilo ndilo la kuniambia. Kitabu kaeni nacho nyie."

Sijapata mtu mwingine aliyeelewa kifungu cha 20 haraka hivyo.

Kwa wanaojiandaa na mtihani

Mtihani wa PMP hautungwi moja kwa moja kutoka kwenye PMBOK. Unatungwa kutokana na muhtasari wa mtihani ambao PMI huutoa peke yake, na huo hubadilika kwa ratiba yake. Muhtasari wa 2021 uligawa maswali hivi: watu asilimia 42, michakato 50, mazingira ya biashara 8. Muhtasari wa kuanzia Julai 2026 umebadilisha mizani: 33, 41 na 26. Ona mazingira ya biashara yalivyoruka kutoka 8 hadi 26. Aliyesoma kwa kitini cha rafiki yake aliyefaulu 2023 ataingia ameshiba kwenye michakato na ana njaa mahali penye robo ya maswali.

Kwa hiyo panga hivi: kwanza chagua tarehe ya mtihani, kisha tafuta muhtasari unaotumika tarehe hiyo, mwisho ndipo ununue kitabu. Wengi wanaanza na kitabu kwa sababu kiko Posta kwa bei nzuri. Na kama tayari una cheti, tulia. Toleo jipya halikifuti. Kinachokilinda ni saa 60 za kujiendeleza ndani ya miaka mitatu, na kusoma toleo jipya kwa utaratibu unaotambulika kunaweza kuhesabiwa humo.

Kabati

Mwisho, tenga folda moja kwa kila toleo, yenye vitu vitatu tu: nakala halali ya kiwango, fomu za wakati huo, na jedwali la kuhamia kwenda toleo lililofuata. Ziwe sehemu mbili tofauti, moja kwenye mtandao na moja kwenye kitu unachoweza kukishika, maana umeme wetu na intaneti yetu unavijua. Miradi inakabidhiwa, lakini madai na ukaguzi huja baadaye, na mtu atakuja kuuliza fomu ya 2018 mwaka ambao hakuna aliyebaki ofisini anayeikumbuka.

Kwetu folda za PMBOK ziko sita sasa, zinaanzia toleo la tatu. Ya toleo la sita ndiyo pekee yenye flashi nyekundu iliyochakaa kamba. Yule dada wa Sinza nilimnunulia nyingine mpya, hii aliniachia.